Kinundu cha mm 17, pafu la kulia juu: kabari, segmenti au lobu nzima?

Tabibu_Kiboriloni

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie kupanga hoja. Ndugu wa mgonjwa wanakuja Jumatatu na wana karatasi mbili za ushauri ambazo wao wanaona zinapingana.

Mgonjwa ni mama wa miaka 63, hajawahi kuvuta sigara, amepikia kuni tangu utotoni. Alimaliza dawa za kifua kikuu mwaka 2009. Picha ya CT inaonyesha kinundu cha mm 17 kwenye lobu (fungu kubwa la pafu) ya juu ya pafu la kulia, segmenti ya nyuma (S2). Kutoka kwenye utando wa pafu hadi ukingo wa juu wa kinundu ni sm 2. Sehemu ngumu ni mm 13, iliyobaki ni ukungu (kivuli hafifu kwenye picha). Kinyama cha sindano kimesoma adenokasinoma, aina ya kansa ya pafu. Ini, tezi za juu ya figo na ubongo viko safi. Kuna tezi ya limfu kituo cha 4R, kando ya koo la hewa, mm 11 kwa upande wake mfupi. FEV1 (hewa anayoitoa kwa nguvu ndani ya sekunde ya kwanza) ni lita 1.5, asilimia 72 ya inayotarajiwa. DLCO (gesi inavyovuka kutoka pafuni kwenda kwenye damu) haikupimwa.

Karatasi ya kwanza: kufungua kifua, kutoa lobu ya juu yote na tezi. Ya pili: kamera, kuondoa kipande tu. Familia imeshaamua moyoni kwamba kamera ni ya kisasa kwa hiyo ndiyo inayotibu zaidi, na kwamba kisu kirefu ni cha hospitali isiyo na vifaa. Mtoto mkubwa anataka mama apelekwe Nairobi kwa PET (picha ya sukari yenye mionzi inayosaka kansa mwilini) kwanza, amesoma mtandaoni kwamba inamaliza ubishi.

Nataka kuwaeleza tofauti kwa hesabu, si kwa kusema "daktari ndiye anajua". Mnisaidie pia kujua nini cha kudai kabla hajaingia theata.

---

Kisu_na_Uzi

Dokta, hao ndugu wamefungiwa maswali mawili kwenye rambo moja. Anza kwa kuyatenganisha. Moja ni kiasi gani cha pafu kitoke. La pili ni kitolewe kwa mlango gani. Lobu nzima hutolewa kwa kamera kila siku, na kipande kidogo kinaweza kukatwa kifua kikiwa wazi. Wakielewa hilo, nusu ya ugomvi wa karatasi zako unaisha.

Halafu kuna kitu ambacho karatasi zote mbili hazikukigusa: ile tezi ya 4R. Chochote kinachozidi mm 10 upande mfupi kinahesabika kimekua. Kama ina kansa, huyu mama si hatua ya kwanza tena, na kubishana kabari au lobu kunakuwa kazi bure kwa sababu dawa zinatangulia. Kwa hiyo hapo ndipo pa kuanzia. Nitarudi.

Tuseme tezi ni safi. Pafu la kulia lina lobu tatu, la kushoto mbili, na kila lobu ina segmenti zake, kila segmenti na bomba lake la hewa na ateri yake. Kukata kabari hakufuati ramani hiyo. Unakishika kinundu, unapiga stepla huku na huku, kinatoka kipande chenye umbo la kabari ya kupasulia kuni. Segmentektomi inafuata ramani: unafunga ateri ya segmenti, bomba lake na vena yake, kimoja kimoja, kisha unakata kwenye mpaka wa segmenti na jirani yake. Lobektomi ni kazi ileile kwa lobu nzima. Tofauti kwa upande wa kansa ni kwamba kabari inaacha tezi zilizoko kwenye maungio ya mabomba ndani ya pafu, na huko ndiko seli zinazotoroka hupitia mwanzo.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa lobu, basi. Lililofunga mjadala ni jaribio la Amerika Kaskazini lililochapishwa 1995, wagonjwa 247: waliokatwa kidogo, kansa ilirudi palepale kifuani mara tatu zaidi. Lakini wale waliandikishwa miaka ya 1980, kwa picha za enzi hizo, na vinundu vilikuwa hadi sm 3. Majaribio mawili mapya yamelegeza kamba. La Japani, JCOG0802 la 2022, lilikuwa na wagonjwa 1,106, kinundu kisichozidi sm 2: waliokuwa hai baada ya miaka 5 ni asilimia 94.3 kwa segmenti na 91.1 kwa lobu. La Marekani, Kanada na Australia, CALGB 140503 la 2023, wagonjwa 697: 80.3 kwa kipande (na zaidi ya nusu ya vipande hivyo vilikuwa kabari) na 78.9 kwa lobu.

Sasa maandishi madogo. Kwa Wajapani kansa ilirudi palepale kwa asilimia 10.5 ya waliotolewa segmenti, dhidi ya 5.4 ya lobu. Na hewa ilivuja zaidi kwenye segmenti, 6.5 kwa 3.8. Kwenye CALGB mgonjwa aligawiwa kundi akiwa tayari mezani, tezi zake zimeshasomwa na kuonekana safi. Walioandikishwa walikuwa 1,080, waliofika kugawiwa ni hao 697. Wengi wa waliobaki walikutwa ugonjwa umekwenda mbali zaidi, au kinundu si kansa. Anayesema "kipande kinatosha, utafiti umeonyesha" bila kusoma tezi hajafanya kilichofanywa na utafiti.

Faida ya kubakiza pafu nayo isikuzwe. Kwa Wajapani, baada ya mwaka mmoja FEV1 ilishuka asilimia 8.5 kwa segmenti na 12 kwa lobu. Mfanyie mama hesabu yake: mapafu yote mawili tunayahesabu segmenti 19, lobu ya juu kulia ina 3. Akitolewa lobu, 1.5 × 16 ÷ 19 = lita 1.26, yaani karibu asilimia 61. Akitolewa S2 peke yake, 1.5 × 18 ÷ 19 = lita 1.42, asilimia 68. Tofauti ni ml 160, kikombe cha chai kisichojaa. Kwa mtu mwenye FEV1 ya asilimia 40 kikombe hicho ndicho kinachoamua kama atarudi kupanda kwenda kihambani kwake. Kwa huyu, sidhani.

Kabari kwa huyu mama mimi naifuta, na sababu ni jiometri tu. Mpaka salama ni sm 2, au angalau sawa na upana wa kinundu. Kinundu kinaanzia sm 2 ndani, kina mm 17, kwa hiyo chini yake ni sm 3.7 kutoka juu ya pafu. Ongeza mpaka wa sm 1.7: stepla inatakiwa ipite sm 5.4 ndani. Hapo nyama ni nene, meno ya stepla hayafungi sawasawa, na mkono wa mpasuaji unashawishika kupandisha mstari juu kidogo. Kabari ni nzuri kwa kinundu kilicholala chini ya utando, hasa kile ambacho robo tatu au zaidi ni ukungu.

Inabaki segmenti au lobu. S2 si segmenti rahisi. Rahisi ni S6 (ncha ya juu ya lobu ya chini), lingula (ulimi wa lobu ya juu kushoto), na ile sehemu ya juu ya lobu ya juu kushoto. Ateri moja ya S2 kwa kawaida hupanda kutoka ndani ya mfereji unaotenganisha lobu, na kwa mtu aliyewahi kuugua TB mfereji huo mara nyingi umegandana, una tezi ngumu kama chokaa zilizong'ang'ania ateri. Kuchokonoa hapo ili kuokoa ml 160 ni biashara mbaya. Maoni yangu: lobektomi, tezi za vituo visivyopungua vitatu vya katikati ya kifua (kwake 2R, 4R na 7) pamoja na za shina la pafu.

Mlango sasa. Kufungua ni mkato wa sm 15 hadi 20 ubavuni, unapita kati ya mbavu, mbavu zinatanuliwa kwa chuma. Kamera ni tundu moja hadi manne, kubwa lake sm 3 hadi 5, mbavu hazitanuliwi. Jaribio la Uingereza liitwalo VIOLET, wagonjwa 503 kwenye hospitali 9, wote wakifanyiwa lobektomi, lilionyesha kwamba wa kamera walikuwa na nguvu zaidi wiki ya 5, na matatizo wodini yalikuwa asilimia 32.8 dhidi ya 44.3. Usafi wa mipaka na idadi ya tezi havikutofautiana. Kwa hiyo kamera inapunguza maumivu na siku za wodini. Haiongezi uponaji wa kansa, na familia iambiwe hivyo waziwazi.

Na waambiwe mapema: kamera ikianza na kifua kikakutwa kimegandana, mpasuaji atafungua. Huko si kushindwa. Anayeng'ang'ania kamera huku ateri ya pafu inachanika ndiye wa kuogopwa.

---

Hadubini

Nakubaliana na mkuu hapo juu kwa mengi. Naongeza ya upande wa maabara, maana ndiko mambo yanakoharibikia kimyakimya.

PET haitamaliza ubishi. Sukari yenye mionzi inakimbilia popote penye seli zenye njaa, na uvimbe wa TB una njaa kama kansa. Tezi iliyojaa masizi ya kuni inawaka. Tezi ya mchimbaji wa Mererani iliyojaa vumbi la silika inawaka pia. Kwa mwenyeji wa huku Kilimanjaro na Arusha mwenye historia ya kifua kikuu, 4R ikiwaka umejua tu kwamba inawaka. Thamani ya PET kwake ni kutafuta kitu mahali ambapo hakuna aliyekitegemea, mfano kwenye mfupa. Kama Nairobi inawezekana kwa mfuko wao, waende. Isicheleweshe sindano ya tezi, na isitumike kumwambia mama kansa imefika kwenye tezi bila kinyama.

Tezi hiyo ichomwe kwa sindano kupitia bronkoskopi yenye ultrasaundi, au ichukuliwe kwa mkato mdogo juu ya mfupa wa kifua. Sindano ikirudi "hakuna seli za kansa", msome mstari unaofuata: je, waliona limfosaiti? Bila limfosaiti, sindano haikuingia kwenye tezi, na jibu hilo ni tupu. Wachome mara tatu au zaidi kwenye tezi ileile.

Hapa ndipo panapokosewa sana: sampuli yote inatumbukizwa kwenye fomalini. Fomalini inaua bakteria, kuotesha hakuwezekani tena. Gawa tangu chumbani: sehemu moja kwenye fomalini kwa ajili ya kansa, nyingine kwenye saline safi kwa GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB) na kuotesha TB. Andikeni kwenye fomu kwamba mgonjwa aliwahi kutibiwa 2009, kwa sababu GeneXpert inaweza kuokota vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa na ikakupa jibu chanya la uongo. Makohozi nayo yapimwe. Kukata bomba la hewa lenye TB hai ni kuomba kisiki cha bomba kifumuke.

Tafuteni pia picha za zamani. Kama alitibiwa kwenye hospitali ya mkoa au alipitia Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu, bahasha ya eksirei ya 2009 inaweza kuwa imefungiwa kabatini nyumbani. Kovu lililokuwepo tangu wakati huo mahali palepale linabadilisha namna ya kusoma kila kitu kilicho jirani nalo, na linamwambia mpasuaji wapi pafu limegandana.

Ninapotofautiana kidogo na Kisu_na_Uzi: umesema segmenti unaikataa kwa sababu ya mfereji. Mimi naikataa kwa sababu nyingine pia. Adenokasinoma nyingine humwaga seli ndani ya vifuko vya hewa nje ya ukingo unaoonekana. Hizo zikikatwa kidogo hurudi palepale, na hadubini huzitambua vizuri baada ya kipande kukaa kwenye fomalini na kukatwa taratibu, siyo mgonjwa akiwa mezani. Kinyama cha sindano hakikuonyeshi hilo. Kwa hiyo kwa mgonjwa ambaye pafu lake linamudu lobektomi, kuchagua segmenti ni kubahatisha jambo ambalo utalijua wiki moja baadaye.

---

Kisu_na_Uzi

Hoja ya vifuko vya hewa ni ya kweli, ila usiipeleke mbali mno. Kwa kinundu cha ukungu mtupu haina uzito. Huyu ana mm 13 za sehemu ngumu ndani ya 17, zaidi ya robo tatu, kwa hiyo hapa nakubali.

---

Usingizi_Njiro

Wakuu, mmemsahau mtu anayekaa kichwani mwa meza.

Ili pafu la kulia likatwe, linalazwa bila hewa na la kushoto linabeba kazi yote. Inahitajika mrija wa njia mbili, kwa mwanamke mara nyingi namba 35 au 37, unaoingizwa bomba la kushoto kisha kuhakikiwa kwa bronkoskopi nyembamba. Uhakiki urudiwe mgonjwa akishageuzwa ubavu, kwa sababu mrija husogea wakati wa kumgeuza. Ukisogea sm 1 tu, pafu unalotaka lilale linajaa hewa, au la kushoto linafungwa lobu yake ya juu na oksijeni inaporomoka. Dokta, hili ni swali zuri la kuuliza hospitali yoyote inayosema inafanya kamera: je, mna mirija ya njia mbili ya saizi zote na bronkoskopi ya kuhakiki? Kifua kilichofunguliwa kinaweza kuvumilia pafu linalopumua kidogo, mpasuaji analisukuma kwa mkono. Kamera haivumilii. Pafu likijaa, hakuna kinachoonekana.

Kuhusu DLCO: inabadilisha picha hata kwa mwenye FEV1 nzuri, hasa aliyevuta moshi wa kuni miaka hamsini, kwa sababu inapima oksijeni inavyovuka kuingia kwenye damu. Hesabu yake ni ileile ya segmenti 19. FEV1 na DLCO zilizokadiriwa baada ya upasuaji zikiwa zote juu ya asilimia 60, endelea. Moja ikiwa kati ya 30 na 60, apande ngazi. Chini ya 30, apelekwe kwenye kipimo kamili cha mazoezi na gesi. Huko kiasi cha juu kabisa cha oksijeni anachotumia kikiwa chini ya ml 10 kwa kilo kwa dakika, lobektomi ni hatari kubwa.

Mama yuko 61 kwa FEV1, ukingoni kabisa, na DLCO haijulikani. Apande ngazi. Kiwango ni mita 22 za kwenda juu. Pima ngazi moja kwa rula: ikiwa sm 17, ni ngazi 130 bila kupumzika, ghorofa saba hivi. Jengo likiwa na ghorofa tatu asipande mara mbili na kushuka katikati ukasema amefikisha, hiyo haihesabiki. Hakuna jengo? Kuna kipimo cha kutembea kwenye njia ya mita 10 yenye koni mbili kwa kufuata mlio unaoongeza kasi. Mita 400 zinatosha. Awe na kipima oksijeni kidoleni. Kikishuka zaidi ya pointi 4, liandikwe hata kama amemaliza.

Kumbuka Arusha iko mita 1,400 juu ya bahari. Oksijeni ya 95 huku si sawa na 95 ya Dar. Kama atapimwa Moshi na kupasuliwa kwingine, andika ilipimwa wapi.

Maumivu: akifunguliwa, ganzi ya mgongoni kwenye uti au kando ya uti wa mgongo iwekwe kabla ya kisu. Asiyeweza kukohoa kwa maumivu anapata nimonia siku ya tatu. Hilo linaua watu wengi kuliko damu.

---

Tabibu_Kiboriloni

Nashukuru sana wakuu. Kuanzia sasa naandika "tezi kwanza" juu ya karatasi zote mbili.

Mawili ya mwisho. Hospitali ikiwa haina uwezo wa kusoma kipande palepale mezani, je, mpango unabadilika? Na kama akishindwa ngazi, mionzi inaingia wapi? Mtoto wake wa pili anaogopa kisu kabisa.

---

Kisu_na_Uzi

La kwanza, kwake halibadiliki sana kwa sababu kansa imeshathibitishwa kwa sindano, na tezi ya 4R itakuwa imeshajibiwa. Usomaji wa papo hapo unahitajika zaidi pale kinundu hakijulikani ni nini, au pale mtu anapotaka kutoa kipande tu. Bila usomaji huo, anayekata kipande anategemea bahati: jibu likirudi baada ya wiki mbili kwamba mpaka una seli au tezi moja ina kansa, mgonjwa anarudi mezani na kifua kilichogandana upya. Hiyo ni sababu nyingine ya lobu moja kwa moja.

Mionzi ya kulenga ni njia halali kwa asiyeweza kupasuliwa. Ni dozi kubwa chache, mfano Gy (kipimo cha mionzi) 54 kwa vipindi 3 ikiwa kinundu kiko pembezoni. Kikiwa ndani ya sm 2 kutoka kwenye mabomba makubwa, dozi hiyo kwa vipindi vitatu ni hatari, hugawanywa vipindi vingi zaidi. Inahitaji mashine inayofuata kinundu kikipanda na kushuka na pumzi, kwa hiyo waulize kituo kama wanafanya aina hiyo. Mionzi ya kawaida ya wiki sita si mbadala wake. Na mionzi haitoi tezi: unachojua kuhusu tezi ni kile sindano ilichokwambia tu. Kwa anayemudu upasuaji, upasuaji bado ndio unaotangulia.

Stepla: waulize idadi. Lobektomi ya kamera inaweza kula kaseti za pini 5 hadi 8, na kila kaseti inapigwa mara moja inatupwa. Familia inayonunua vifaa nje wakati mwingine huleta kaseti za rangi moja tu. Kaseti ya mishipa ya damu na kaseti ya bomba la hewa si moja: meno mafupi kwenye bomba nene hayafungi, meno marefu kwenye vena yanavuja damu. Kifua kikiwa wazi, ateri inafungwa kwa uzi na bomba linashonwa kwa mkono, na mpasuaji mzoefu anafanya hivyo bila kaseti hata moja. Kisu kirefu hakimaanishi hospitali duni.

---

Hadubini

Baada ya upasuaji, dai taarifa ya patholojia yenye: ukubwa wa sehemu inayovamia, umbali wa mpaka kwa mm, kama utando wa pafu umeguswa, na idadi ya tezi kwa kila kituo. Utando ukiwa umevamiwa, kinundu cha mm 17 kinapanda kuwa T2a, hatua ya IB. Hapo kwa mwanamke asiyevuta sigara kipimo cha EGFR (badiliko la kinasaba cha kansa) kina maana, kwa sababu kuanzia IB kuna kidonge cha osimertinibu, mg 80 kwa siku kwa miaka mitatu. Hifadhini kile kitalu cha nta chenye kipande cha kansa. Hospitali zikibadilishwa, kitalu ndicho kinachopotea kwanza.

---

Nesi_Pasua

Shikamooni wakubwa. Mmeongea theata, mimi naongea chupa, kwa sababu ndugu ndio watakaokaa nayo kitandani.

Mrija wa kifua unaingia kwenye chupa yenye maji, ncha ikiwa sm 2 chini ya maji. Maji ndani ya mrija yapande na kushuka mgonjwa akipumua. Yasipocheza, ama mrija umekunjwa, ama damu imeganda ndani, ama pafu limejaa vizuri, eksirei inaamua. Mapovu akikohoa ni hewa inayovuja kutoka kwenye pafu. Siku mbili tatu za kwanza ni kawaida. Zaidi ya siku 5 inaitwa uvujaji wa muda mrefu, na wengi hupona kwa kusubiri tu na mrija.

Kosa kubwa wodini ni kubana mrija kwa koleo wakati wa kumpeleka eksirei huku unatoa mapovu. Hewa inakosa pa kutokea, inasukuma moyo upande wa pili. Usibane. Chupa ibebwe chini ya usawa wa kifua, isipandishwe kitandani, maji yasije yakarudi ndani. Mrija ukichomoka kwenye chupa, tumbukiza ncha kwenye chupa nyingine ya maji safi. Ukichomoka kifuani, funika kwa gozi na plasta pande tatu, acha upande mmoja wazi, ita daktari.

Weka alama ya kalamu kwenye chupa kila baada ya saa 8. Damu ya ml 200 kwa saa ikiendelea saa mbili au tatu, mpasuaji aamshwe. Majimaji meupe kama maziwa baada ya kula ni mafuta ya chakula yanayovuja kutoka kwenye mfereji wa limfu, na hutokea hasa zikichimbwa tezi kama hiyo 4R yenu. Msimpe maziwa wala supu ya mafuta hadi daktari aseme. Mrija hutolewa mapovu yakiwa hayapo hata akikohoa, na majimaji chini ya ml 300 kwa siku. Wapo wanaokubali hadi 450.

Mapigo ya moyo yakienda ovyo siku ya pili au ya tatu, ni jambo linalojulikana baada ya lobektomi na lina dawa, lakini lisisubiri asubuhi. Na hili mwandikie mtoto wake mkubwa: wiki ya pili au ya tatu, hata akiwa nyumbani, akianza ghafla kukohoa maji mengi ya rangi ya waridi pamoja na homa, kisiki cha bomba kimefumuka. Alazwe upande uliopasuliwa, wa kulia, ili maji yasimwagikie pafu la kushoto lililo salama, na aletwe hivyohivyo njiani. Wengi humlaza upande usiouma, na huo ndio unaomzamisha.

Siku ya kwanza akae kwenye kiti na atembee na chupa yake. Mkono wa kulia apandishe ukutani kwa vidole, mara kumi, mara nne kwa siku, la sivyo bega linaganda. Akifunguliwa, wiki 6 asinyanyue zaidi ya kilo 5. Kwa mama wa kihambani hiyo ina maana hakuna mkungu wa ndizi, hakuna ndoo ya lita 20, hakuna mzigo wa majani ya ng'ombe. Na jiko la kuni lihamie kwa mtu mwingine au litolewe nje.

---

Usingizi_Njiro

Nesi ameniwahi. Nyongeza tu: kama watampasulia Dar, asirudi kwa ndege hadi eksirei ionyeshe hakuna hewa iliyobaki kifuani na siku 7 zipite baada ya hapo. Akirudi kwa basi, ashuke kutembea kila linaposimama, kwa ajili ya damu kuganda miguuni, na akae kiti cha upande ambao mkanda hautapita juu ya kidonda.